Mlima haukupewa jina jipya

Novemba 2022 niliandika habari fupi ya ukurasa wa kimataifa. Ilikuwa jioni, mhariri anapiga kelele, nami nikaandika kwamba mlima mrefu kuliko yote nchini Wales umepewa jina jipya. Uongo mtupu. Mamlaka ya hifadhi ya kule ilikuwa imeamua kutumia majina ya Kiwelisi, Yr Wyddfa badala ya Snowdon na Eryri badala ya Snowdonia, na hayo ndiyo majina ya wenyeji tangu zamani. Kesho yake msomaji mmoja akanitumia barua pepe ya mistari miwili akiniuliza kama nilijisumbua kutafuta lipi lilianza. Sikuwa nimejisumbua. Niliomba tuchape marekebisho, hayakuchapwa.

Nikala aibu kimya kimya. Tangu hapo, nikitoka kazini nafungua ramani za kale za Wales kwenye kompyuta. Wenzangu wananicheka sana. Mtoto wa Mbagala na vilima vya Wales, wapi na wapi!

Tuwe wakweli, Snowdon nalo si jina la jana. Liko kwenye kumbukumbu za Waanglo-Saksoni za mwaka 1095, na maana yake ni kilima cha theluji. Yr Wyddfa (hiyo dd isome kama dh ya dhahabu) ni kaburi, lile la kufukiwa likawa kichuguu. Hadithi inasema jitu Rhita liliuawa na Mfalme Arthur likazikwa pale kileleni, mita 1,085 juu ya bahari. Ukiyaweka majina hayo mawili pamoja unajua nani aliuona mlima kwa mbali na nani aliishi chini yake.

Lakini mlima mkubwa una watu wa kuutetea. Mwaka 2021 zaidi ya watu 5,000 walitia saini wakitaka Yr Wyddfa itumike. Kazi ipo kwenye vilima vidogo. Waingereza wana kundi la watu ambao starehe yao ni kupanda kila kilima kilichomo kwenye orodha, na orodha inataka jina. Kilele kisipokuwa na jina kwenye ramani, mtunga orodha anakibatiza mwenyewe. Katika safu ya Berwyn, miaka ya 1980 waligundua kwamba kilele kimoja ambacho ramani haikukiandikia jina ndicho kirefu kuliko vyote. Wakakiita Cadair Berwyn New Top, yaani kilele kipya cha Cadair Berwyn. Kipya kwa nani? Na kuna kibonde katika milima ya Glyderau ambacho wapanda miamba wa Kiingereza walikiita bonde lisilo na jina, wakati jina linalo, Cwm Cneifion, bonde la manyoya ya kondoo walionyolewa. Hiyo ndiyo iliyonifanya nisilale.

Sasa, mtu anatafutaje jina la kweli? Nilidhani jibu ni ramani. Ordnance Survey, taasisi ya upimaji iliyoanza 1791 kwa mahitaji ya kijeshi, ilitoa kwanza ramani za inchi moja kwa maili. Humo nafasi ya kuandika ni finyu. Zilipokuja zile za inchi sita kwa maili, majina yakaongezeka sana. Hata hivyo kila jina lilipita kwa mtu mwenye kalamu. Wapimaji walikuwa na madaftari ya majina, na maagizo yao ya mwanzoni mwa karne ya 20 yaliwataka wawaamini wenye ardhi, makasisi na watu wenye hadhi, lakini wakulima wadogo wasitegemewe, hasa kwenye tahajia. Yaani anayemtafuta kondoo wake kwenye ukungu, anayelitaja jina la kilima kila wiki, ndiye asiyeaminika. Na madaftari yenyewe? Mengi ya yale ya Uingereza na Wales yaliteketea mwaka 1940, Wajerumani walipoipiga Southampton kwa mabomu.

Kilichoniokoa ni karatasi za kodi. Zamani wakulima walilipa fungu la kumi kwa kanisa kwa mazao yenyewe, miganda ya nafaka, wanakondoo, manyoya. Sheria ya 1836 ikageuza malipo hayo kuwa fedha, na ili kujua nani alipe nini ikabidi kila parokia ichorewe ramani, kila kipande cha shamba kipewe namba. Kwenye jedwali lake wakaandika mwenye ardhi, anayelima, jina la shamba, matumizi yake, ukubwa na malipo. Maktaba ya Taifa ya Wales, pale Aberystwyth, imeziweka kwenye intaneti. Wawelisi wengi hawakusali katika kanisa hilo la Anglikana, walikuwa na makanisa yao, na kufika 1887 huko Llangwm watu walishapambana na waliokuja kukusanya. Karatasi waliyoichukia ndiyo iliyotunza majina ya mashamba yao. Sijui kama wangecheka.

Jina la shamba linakufikishaje kileleni? Tuseme chini ya kilima kisicho na jina kuna kipande kimeandikwa Ffridd y Foel. Ffridd ni malisho ya pembeni mwa mlima. Mimi nilitafuta "foel" kwenye kamusi nisiione, nikakata tamaa siku mbili. Kumbe Kiwelisi hubadilisha mwanzo wa neno. Moel ni kilima kipara, ikitanguliwa na y inakuwa Y Foel. Carnedd, rundo la mawe, inakuwa Y Garnedd. Mswahili anayejua kilima na vilima ni neno moja alipaswa kulishtukia mapema! Kwa hiyo karani wa fungu la kumi ameniambia, bila kukusudia, kwamba kilima cha juu kiliitwa Y Foel. Au angalau ni dokezo, nikalilinganishe na ramani ya inchi sita. Majina mengine ni mwili mtupu: pen ni kichwa, cefn mgongo, braich mkono, trwyn pua, esgair ni kama muundi wa mguu.

Msinielewe vibaya, la zamani si lazima liwe ndilo la haki. Mwaka 2009 kilele cha Carnedd Uchaf kiliingia kwenye ramani kwa jina la Carnedd Gwenllian, binti pekee wa Llywelyn, mtawala wa mwisho wa Wales huru, aliyechukuliwa akiwa mchanga na kufungiwa utawani Uingereza hadi alipokufa mwaka 1337. Jina ni jipya kabisa, na waliolidai ni Wawelisi wenyewe. Hata sisi kilele cha Kibo tulikiita Uhuru mwaka 1961, kikaacha kuwa cha Kaisari Wilhelm, na sijasikia mtu akisema Uhuru ni jina bandia. Swali langu siku hizi ni aliyetoa jina alisimama wapi.

Kuna mahali karatasi zinaniishia. Huko juu kabisa, kwenye malisho ya pamoja, mara nyingi karani hakujisumbua: namba moja, eneo kubwa, na neno la Kiingereza la malisho ya kondoo. Basi. Nimeshakwama kwenye safu za namna hiyo mara kadhaa. Inabidi mtu apande akamuulize anayekusanya kondoo pale, kwa Kiwelisi. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 538,000 waliosema wanakizungumza, asilimia 17.8, na sijui wangapi kati yao bado wana kondoo mlimani.