Ushirika wa Sanaa wa Tingatinga: Historia Fupi

Kwenye karatasi, ushirika wetu uliandikishwa mwaka 1990. Sisi tuliozeekea katika biashara ya picha hapa Oysterbay tunauhesabia umri tangu 1968, mwaka ambao Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora.

Marehemu alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kusaka riziki. Darasa la uchoraji hakuwahi kuliona. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi ileile inayopakwa baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana madukani kwa bei anayoimudu. Ubao wote aliupaka rangi moja, kisha akamweka katikati mnyama mmoja: chui, twiga, au tembo. Rangi ile iling'aa hata mpita njia akageuza shingo.

Picha zilipangwa chini ya mbuyu, karibu na Morogoro Stores, walikonunua mahitaji yao wageni wengi wa Oysterbay. Aliyeziuza ni mkewe, Mama Agatha. Kila muuzaji wa picha za Tingatinga, mimi nikiwemo, anafuata nyayo za mama yule, na heshima yake haijapungua kwetu hata chembe.

Wateja walipoongezeka, Edward hakuificha kazi yake. Aliwaita ndugu na jamaa: Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia. Aliwafundisha nyumbani, brashi mkononi, hadi kila mmoja akaweza kusimama mwenyewe. Kwangu mimi, ushirika ulizaliwa siku aliyokubali kumfundisha mwenzake.

Mwaka 1972 tulimpoteza ghafla, usiku, akiwa na miaka 40 tu. Ya usiku ule tunamwachia Mungu. Wanafunzi wake hawakuiweka brashi chini.

Yaliyofuata, kwa ufupi:

- Mpata alihamia Nairobi. Leo hoteli moja ya Maasai Mara ina jina lake.
- Maisha ya kijijini, shetani na pilikapilika za mjini viliingia kwenye picha.
- 1990: ushirika uliandikishwa.
- Picha zilipata wapenzi Japani, Uswisi na nchi za Skandinavia.
- 2010: katuni za Tinga Tinga Tales zilionyeshwa Uingereza.

Kutoelewana kulikuwepo, kukazungumzwa. Tunawashukuru waanzilishi wote, na tunawaomba mafundi wa leo wamkaribishe kila kijana anayekuja kujifunza, kwani bila ukarimu huo wa Edward tusingekuwa na chama cha kuadhimisha.