Nani Anasimulia? Utumwa wa Pwani Mbele ya Msomaji Mtoto

Mwaka 1934 Sheldon Press ya London ilichapa kitabu kidogo cha Kiswahili, Uhuru wa Watumwa. Mwandishi wake, James Mbotela, alikuwa mwana wa mtu aliyetekwa utumwani, akakombolewa na Waingereza, kisha akafikishwa Freretown, kijiji cha wamisionari kilichoanzishwa Mombasa mwaka 1875. Kitabu kiliingia madarasani Afrika Mashariki, na watoto wengi wakaujua utumwa kwa macho yake: Mwarabu ni mtesi, Mwingereza ni mkombozi.

Baadaye kililaumiwa kwa upendeleo. Lawama hiyo ina haki, lakini haitoshi. Aliyetolewa katika tumbo la jahazi huiona kwanza bendera ya aliyemtoa, na shukrani yake si uongo. Yako hata hivyo yasiyoonekana kutoka pale. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Utumwa wenyewe ulibaki halali Zanzibar hadi 1897, miaka saba baada ya Uingereza kuiweka nchi hiyo chini ya himaya yake.

Msimulizi mwingine alisimama jumbani. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni na kujulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Mwaka 1875 alikuwa amekwenda London akitumaini kupatana na kaka yake, Sultani Barghash, aliyekuwa ziarani huko. Wakuu wa Uingereza wakamzuia. Kwa hiyo aliona hila za dola ambazo Mbotela hakuziona. Lakini alipofika kwenye utumwa, aliutetea: jumbani watumwa walikuwa watu wa nyumbani, na minyororo ilikuwa mbali na baraza.

Miongoni mwa watoto wa asili ya pwani wanaokulia London, wapo ambao mababu zao walikuwa pande zote mbili, waliomiliki na waliomilikiwa. Kumpa mtoto kama huyo kitabu kimoja ni kumchagulia babu wa kumwonea fahari na babu wa kumwonea haya. Asomewe vyote viwili, kisha aulizwe: msimulizi alisimama wapi? Kutoka hapo angeweza kuona nini? Na yule mjakazi aliyewalea watoto wa jumba la Mtoni, ambaye hakuandika chochote, angeuanzia wapi ukurasa huohuo?