Sanamu ya Ponchielli Mjini Cremona: Mtunzi Mbele, Mwalimu Nyuma

Sanamu ya hadhara aghalabu husomwa kama sifa ya mtu mmoja. Makala haya yanapendekeza isomwe pia kama matini yenye tarehe, kwani tarehe hutufichulia yale ambayo walioisimamisha hawakuweza kuyajua.

Katika bustani ya Piazza Roma mjini Cremona, kaskazini mwa Italia, imesimama sanamu ya Amilcare Ponchielli (1834–1886), kazi ya mchongaji Pietro Bordini, ya mwaka 1892. Mahali hapo palikuwa na kanisa la San Domenico, lililoanza kubomolewa mwaka 1869. Humo ndimo alimozikwa Antonio Stradivari, fundi wa fidla aliyefariki mwaka 1737. Mji ulioridhia kulipoteza kaburi la fundi wake mashuhuri kuliko wote ulikuja kumwenzi mtunzi wa muziki papo hapo! Kumbukumbu moja imeandikwa juu ya nyingine iliyofutwa.

Nje ya Italia, Ponchielli hutajwa kwa opera moja tu, La Gioconda, iliyoonyeshwa kwanza La Scala mwaka 1876. Maneno yake yalitungwa na Arrigo Boito kutokana na tamthilia ya Victor Hugo, naye Boito akajificha nyuma ya jina Tobia Gorrio, ambalo ni herufi za jina lake mwenyewe zilizopanguliwa. Opera yake ya kwanza, iliyotokana na riwaya ya Manzoni, ilionyeshwa Cremona mwaka 1856 lakini ikangoja hadi 1872, baada ya kuandikwa upya, ndipo ikasikika Milan. Katika kipindi hicho kirefu Ponchielli aliongoza bendi za miji ya Piacenza na Cremona. Hiyo ni kazi ambayo wanahistoria wa opera huipita haraka mno.

Hata hivyo, hoja yetu hasa inahusu ualimu wake. Katika miaka yake ya mwisho alifundisha utunzi katika chuo cha muziki cha Milan, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo Giacomo Puccini na Pietro Mascagni. Hakumfundisha Puccini kupanga sauti tu. Alimhimiza ashiriki shindano la opera ya tendo moja, tena akamkutanisha na mwandishi Ferdinando Fontana, na kutokana na ushirikiano huo ikazaliwa Le Villi mwaka 1884. Kwa mhakiki wa fasihi, tendo hilo la kumuunganisha mwanamuziki na mwandishi lina uzito kama wa utunzi wenyewe, ingawa halitiwi sahihi popote.

Sasa tuirejee tarehe. Mwaka 1892 Mascagni alikuwa amekwisha kuvuma kwa Cavalleria rusticana ya mwaka 1890. Puccini, kwa upande wake, alikuwa bado kijana wa matumaini, aliyekuwa na opera mbili tu jukwaani. Waliomsimamisha Ponchielli bustanini walimwenzi mtunzi wa La Gioconda, na hatuwezi kuwalaumu. Manon Lescaut ya Puccini ilisikika Turin mnamo Februari 1893, sanamu ikiwa tayari imesimama.