Skripti Iliyonifuta Kazi

Kazi yenyewe ilikuwa ya kubofya. Tulikuwa vijana sita kwenye chumba kimoja huko Industrial Area, vibarua wa kulipwa kwa siku. Kampuni ilikuwa imeskani risiti zake za miaka mingi, kila mwaka na folda yake. Shida ni kwamba mashine ilizipa picha majina ya Scan0001, Scan0002, hivyo hivyo hadi mwisho, halafu kwa folda iliyofuata ikaanza tena na Scan0001. Sisi tulitakiwa kuweka mwaka mbele ya kila jina ili zikiwekwa pamoja zisigongane. Unabofya, unaandika 2009, unabonyeza Enter, unaenda kwa inayofuata. Tulipiga hesabu tukaona hapo kuna wiki tatu za chakula.

Siku ya nne jamaa wa IT alipita kutafuta chaja. Akasimama nyuma yangu, akauliza, "Hii yote mnafanya na mkono?" Akarudi na laptop yake, akafungua dirisha jeusi, akaandika maneno machache. Kabla ya saa saba mchana kazi ilikuwa imeisha. Boss alifurahi. Sisi tulilipwa siku nne, tukaambiwa asante.

Nilimchukia huyo jamaa kwa muda. Halafu hasira ikapoa, nikabaki na swali: aliandika nini? Ilikuwa kitu kama hiki:

for f in *.jpg
do
  mv "$f" "2009_$f"
done

Mistari minne. Ile nyota maana yake ni "chochote", kwa hivyo mstari wa kwanza unasema: chukua kila faili inayoishia na .jpg, moja moja, na kila mara iite f. Amri ya mv huhamisha faili au kuibadilisha jina. Alama ya dola inasema, "weka hapa kile kilichomo ndani ya f." Neno done linafunga mzunguko. Basi. Wiki tatu zangu zilikuwa hapo ndani.

Nilipoanza kusoma historia ya hii kitu, niligundua kwamba ilizaliwa na mtu aliyechoka kama mimi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mfaransa Louis Pouzin alikuwa akifanya kazi MIT, Marekani, kwenye mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwaruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kila siku alijikuta akiandika amri zile zile kwa mpangilio ule ule. Akaunda programu aliyoiita RUNCOM: unaweka amri zako ndani ya faili moja, nayo inazitekeleza kwa zamu. Herufi mbili za jina hilo bado ziko hai. Ukiona faili inayoitwa .bashrc, hiyo rc ya mwisho imetoka kwa RUNCOM.

Ni Pouzin pia aliyetoa jina la sheli. Hapana, si ile ya kuweka mafuta. Ni ganda. Ndani ya kompyuta kuna kiini kinachosimamia mashine yenyewe, na sheli ni ganda la nje ambalo mtu huongea nalo. Wazo lake lilikuwa kwamba ganda liwe programu kama programu nyingine. Usipolipenda, unalitoa, unaweka lingine, na kiini hakiguswi. Pouzin aliacha maelezo kwenye karatasi akarudi Ufaransa. Mwaka 1965 Glenda Schroeder, mfanyakazi wa MIT, ndiye aliyeandika sheli ya kwanza ya mfumo mpya ulioitwa Multics.

Bell Labs, waliokuwa kwenye mradi huo, walijitoa mwaka 1969. Ken Thompson, mmoja wa watu wao, akaanza kuunda mfumo mdogo ambao baadaye uliitwa Unix. Mwenzake Dennis Ritchie ameandika jinsi mambo yalivyoenda, na hapo ndipo niliposimama kusoma. Kikundi chao kilitaka kompyuta kubwa zaidi, lakini wakubwa hawakutaka tena kusikia habari ya kugharamia mfumo wa kompyuta. Basi wakaahidi kitu kingine: mfumo wa kuandaa maandishi. Mashine ikanunuliwa. Na katika nusu ya pili ya 1971, watu walioketi mbele yake kutwa nzima walikuwa mataipisti watatu wa idara ya hataza, wakichapa na kupanga maombi ya kulinda uvumbuzi wa kampuni.

Yaani wateja wa kwanza wa Unix walikuwa makarani. Kazi yao ndiyo iliyoupa mfumo ule sifa ndani ya kampuni, na sifa hiyo ikaleta mashine nyingine iliyo bora zaidi. Majina ya akina Thompson yako kila mahali. Ya wale watatu, Ritchie hakuyaandika.

Ukishajua hivyo, mambo mengi ya sheli yanaanza kueleweka. Kwa nini amri ni fupi hivi, ls, cp, mv? Kwa sababu watu walikuwa wakichapa kwenye mashine za teletype zenye vitufe vigumu, ambazo zilitoa herufi kama kumi tu kwa sekunde. Kila herufi uliyopunguza ilikuwa pumziko la kidole.

Na ule mstari wima, je? Mwaka 1964 Doug McIlroy wa Bell Labs aliandika kwamba programu zinafaa kuunganishwa kama mpira wa kumwagilia bustani: ukitaka urefu zaidi, unaongeza kipande. Alisubiri karibu miaka tisa. Mwaka 1973 Thompson akaliingiza wazo hilo ndani ya Unix kwa usiku mmoja. Leo ukiandika

sort wateja.txt | uniq -c | sort -rn

amri ya kwanza inapanga majina, ya pili inahesabu yanayojirudia, ya tatu inaweka yaliyojirudia zaidi juu. Kila moja inajua kazi moja tu, na maji yanapita.

Mwaka 1979 ikatoka sheli ya Stephen Bourne, ambayo ndiyo iliyofanya skripti ziwe lugha kamili. Bourne alikuwa amefanya kazi na lugha ya ALGOL 68, ambayo hufunga kwa kugeuza neno: if inafungwa na fi, case inafungwa na esac. Basi do ingefungwa na od. Lakini Unix tayari ilikuwa na amri inayoitwa od, ndiyo maana tunaandika done. Kila mwanafunzi anayelalamika kwamba haya maneno hayana mpango analalamikia ajali hiyo.

Hatimaye, mwaka 1989, Brian Fox akaandika Bash kwa ajili ya mradi wa GNU, ili kila mtu aweze kuitumia, kuisoma na kuibadilisha bila kuomba ruhusa. Jina ni utani: Bourne-Again, yaani Bourne aliyeokoka.

Hiyo Bash sikuihitaji laptop kuipata. Niliiweka kwenye simu yangu ya Android kupitia Termux, bure, nikajifunzia kitandani. Niliunda folda ya picha za bandia nikarudia ile mistari minne. Mara ya kwanza niliweka echo mbele ya mv, ili inionyeshe tu ingefanya nini kabla ya kugusa chochote. Fanya hivyo nawe, kwa sababu sheli haiulizi mara mbili.

Juzi ofisi ninayofanyia kazi sasa iliita vibarua wawili wapange orodha za wateja. Nilijua mstari mmoja ungemaliza kazi yao, na nilijua boss angefurahi. Sikutaka kujifanya sijui, na sikutaka kuwa yule jamaa wa chaja. Nilivuta kiti katikati yao, nikafungua dirisha jeusi, nikawaachia kibodi.

"Andika sort," nikawaambia. "Herufi nne tu."

Walimaliza Jumatano badala ya Ijumaa, na wakalipwa hadi Jumatano. Sikuweza kubadilisha hilo. Lakini mmoja wao alinitumia meseji wiki iliyopita, ana kibarua kingine cha kubadilisha majina ya faili. Alikuwa anauliza ile nyota inakaa wapi.