Majitu ya angani yaliyomeza sarafu za wachezaji

MASHINE ya michezo ya video ilikuwa, kabla ya jambo jingine lolote, biashara. Mwenye ukumbi alitaka kila sarafu iishe upesi ili mchezaji atie nyingine, naye mchezaji alitaka sarafu moja imtoshe alasiri nzima. Katika mvutano huo ndimo alimozaliwa adui mkuu anayelinda mwisho wa hatua, ambaye wachezaji humwita ‘bosi’.

Mchezo wa Space Invaders, uliotolewa na kampuni ya Taito ya Japani mwaka wa 1978, haukuwa na bosi. Maadui walishuka safu kwa safu hadi mchezaji alemewe. Mwaka wa 1980 ulikuja Phoenix, miongoni mwa michezo ya kwanza kabisa kumkabilisha mchezaji na jitu moja kubwa. Katika hatua ya tano, chombo kikubwa huteremka polepole huku ndege wakikilinda. Mchezaji hana budi kukitoboa gamba lake kidogo kidogo, kisha apenyeze risasi katika mwanya huo hadi kwa kiumbe aliyeketi ndani. Akikawia, chombo kinazidi kumkaribia.

Sinistar, wa kampuni ya Williams ya Marekani, uliingia kumbini mwaka wa 1983 ukiwa na ukatili wa namna nyingine. Hapa jitu halimsubiri mchezaji mwishoni. Hujengwa na vibarua wake mchezaji akiona. Likikamilika, hunguruma kwa sauti nzito iliyorekodiwa na mtangazaji wa redio John Doremus, likajitangaza kuwa li hai na kumwita mchezaji mwoga. Kisha humfukuza na kummeza. Yahitajika mabomu 13 kuliangamiza likiwa zima, na malighafi ya kila bomu sharti ichimbwe kwanza kutoka katika miamba inayoelea. Asiyeweka akiba mapema hana la kufanya ila kukimbia, na jitu hilo lina mbio kuliko yeye.

Hata hivyo, ugumu uliowatesa wengi zaidi haukuwa nguvu za bosi mwenyewe, bali yale mchezaji aliyopoteza alipouawa. Katika Gradius, mchezo wa Konami wa mwaka wa 1985, mchezaji hukusanya vidonge na kuvibadilisha kwa kasi, makombora, miale na vyombo vidogo vinavyomfuata. Akigongwa mara moja tu, vyote hutoweka. Hurudishwa nyuma kidogo akiwa na chombo kizito chenye bunduki hafifu, aanze upya mahali palipokusudiwa mtu aliyejihami kikamilifu. Bosi wa kwanza, Big Core, si mgumu kwa mwenye silaha: ni kupiga vizuizi vinavyokinga kiini chake huku ukikwepa miale minne. Kwa aliyevuliwa kila kitu, habari ni nyingine.

Hata mafundi wenyewe walionja shubiri hiyo. Kazuhisa Hashimoto, aliyeshughulikia toleo la nyumbani la Gradius mwaka wa 1986, aliona mchezo ukimshinda alipokuwa akiujaribu. Akajiwekea njia ya mkato: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha vitufe B na A. Mfuatano huo, uliompa karibu silaha zote papo hapo, ulivuja na kuenea duniani. Hashimoto alifariki mwaka wa 2020.

R-Type, wa kampuni ya Irem mwaka wa 1987, ulifuata kanuni iyo hiyo ya kumvua mchezaji silaha, lakini kwa maoni ya mwandishi huyu ndio uliokuwa wa haki zaidi. Bosi wa hatua ya kwanza, Dobkeratops, ni dude lenye mkia unaozunguka na kiumbe anayechungulia tumboni mwake; huyo ndiye wa kulengwa. Hatua ya tatu nzima ni manowari moja kubwa inayojaza kioo, nawe huizunguka ukiibomoa mizinga yake katika nafasi finyu. Mbinu za kupambana nayo hujifunzwa kwa kukariri, na mwenye kukariri hupita.

Miaka 10 baadaye kampuni ya Cave ilitoa DoDonPachi. Kufikia hapo risasi zilikuwa zikifunika kioo kama mvua ya masika, na ili mchezaji aweze kupenya, sehemu ya chombo chake inayodhurika ilifanywa kuwa ndogo mno kuliko umbo lionekanalo. Bosi wake wa siri, Hibachi, maana yake nyuki wa moto, hajitokezi ila mwishoni mwa mzunguko wa pili, nao mzunguko huo hufunguliwa tu na mchezaji aliyetimiza masharti makali katika ule wa kwanza. Wengi walicheza mchezo huo bila kumwona kamwe.

Sarafu ilipoondolewa, hesabu ilibadilika. R-Type Dimensions, toleo la nyumbani la mwaka wa 2009, lina namna ya kucheza ambapo maisha hayaishi na mchezaji hufufuka palepale alipoangukia, Dobkeratops akiwa angali na majeraha aliyompa.