Kiraka cha Pipa

Habari za barabara ya Zambia nilizisoma darasani kwa mistari minne tu. Zilizobaki nilizisoma mwaka jana kwenye gereji moja ya uchochoroni Dar es Salaam, kwenye bodi ya lori la marehemu babu.

Lori lenyewe ni Bedford TJ, yale yenye pua, ambayo Waingereza walianza kuyatoa 1958. Mjomba alitaka kuliuza ili nilipiwe ada ya chuo. Mnunuzi alishakubali bei, ila bodi iwe safi. Sasa, usafi wa bodi una njia mbili. Unaweza kupaka pati juu ya kutu, ukapiga msasa, ukapuliza rangi. Itang'aa mpaka masika. Au ukate bati bovu mpaka ufikie chuma kizima, ndipo uchomelee jipya. Mjomba hela ya njia ya pili hana.

"Fundi, tupake tu," akasema.

Fundi hakujibu. Alishika tindo akagonga madigadi. Pati ikabanduka kama maganda ya muhogo. Akanionyesha: tope hukaa ndani ya mkunjo wa bati, linashika maji, na hewa yetu ya chumvi inaharakisha mambo. Rangi ikitoa malengelenge, ujue ndani kumeshaliwa zamani.

Chini ya pati kulikuwa na rangi ya bluu, chini ya bluu pati tena, halafu kiraka cha bati nene lenye mbonyeo wa mviringo. Kipande cha pipa la mafuta!

Nikamkumbuka babu. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia, na Zambia ikakosa mafuta yake ya kusini. Yakapitishwa Dar, ndani ya mapipa, kwa ndege na kwa malori, kwenye barabara ya vumbi na tope ambayo madereva waliiita njia ya jehanamu. Babu alikuwa utingo humo. Bomba la mafuta likaja 1968, reli ya TAZARA ikakamilika 1975.

Lakini kiraka kile ni cha baadaye, fundi akasema, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Aliutambua mkono wa mzee aliyemfundisha kazi, kwa jinsi ukingo ulivyokunjwa. Fedha za kigeni hazikuwepo, Nyerere ameomba miezi 18 ya kufunga mikanda, na miezi ikawa miaka. Bati la bodi ungelipata wapi? Vitabu vinaeleza uchumi ulivyoanguka. Waliochana mapipa wakayanyoosha kwa nyundo ili malori yatembee, sijawaona humo.

Fundi akahamia ndani ya kebini, akagonga sakafu chini ya kiti cha dereva. Tindo likazama kama kwenye papai bivu.

Mjomba alichungulia lile tundu, akaiona ardhi.

"Kata," akasema.

Mnunuzi hakusubiri. Tulichomelea siku nne, nukta hapa, nukta kule, ili bati jembamba lisipinde kwa joto. Ada yangu ndiyo iliyonunua bati na gesi.

Kile kiraka nilikiomba nikaweke mezani ninapoandikia. Fundi akakataa. Kilikuwa bado kizima, na kuna Isuzu ilikuwa inakisubiri.