Stara na Mazoezi ya Wanawake: Historia Yasemaje?

 

Kuna neno limezoeleka midomoni mwa watu: ati msichana akishavaa hijabu, michezo kwake basi. Wengine husema kwa kejeli, lakini wengine ni sisi wenyewe Waislamu. Matokeo yake, kipindi cha michezo kikifika shuleni, binti yetu anakaa kando akiwashikia wenzake sweta. Hebu tuiulize historia kama neno hilo ni la kweli.

Tuanzie Madina

Imepokewa na Abu Daud na Imam Ahmad kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa safarini na Bi Aisha (R.A.). Akawaambia maswahaba watangulie, kisha akashindana mbio na mkewe. Bi Aisha akashinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena, na mara hii Mtume (S.A.W.) akashinda, akamtania kwamba amelipiza ile ya kwanza. Zingatia mambo mawili: mbio zilikuwepo, na stara ilikuwepo. Hakuna lililomfukuza mwenzake. Na Bi Nusaybah bint Kaab (R.A.) alimkinga Mtume kwa upanga vitani Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625). Kazi hiyo si ya mwili uliolala.

Na Wazungu je?

Wengi hudhani kwao mwanamke alikuwa huru tangu zamani. Sivyo. Charlotte Cooper wa Uingereza alishinda tenisi kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1900 akiwa na sketi ndefu hadi miguuni. Mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800 kule Amsterdam, kisha wakubwa wakaziondoa mbio hizo kwa madai kwamba wanawake hawaziwezi. Zilirudi mwaka 1960.

Hata Kenya yetu, ambayo Bonde la Ufa ndilo chimbuko la wakimbiaji wake, iliingia Olimpiki mwaka 1956 bila mwanamke hata mmoja. Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire walienda Mexico mwaka 1968. Medali ya kwanza ya mwanamke, ile ya fedha ya Pauline Konga, ilikuja mwaka 1996. Kilichowachelewesha dada hao hakikuwa hijabu.

Kati ya moto miwili

Dada Mwislamu amebanwa kotekote. Hassiba Boulmerka wa Algeria alishutumiwa vikali na baadhi ya watu kwao kwa kukimbia na kaptura, hata akalazimika kufanya mazoezi nje ya nchi. Alishinda dhahabu ya mita 1,500 Barcelona mwaka 1992. Kwa upande mwingine, timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mwaka 2011 kwa sababu ya vazi la kichwani. FIFA iliruhusu rasmi mwaka 2014, na mpira wa kikapu ukafuata mwaka 2017.

Na je, hijabu inapunguza mbio? Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain, amejistiri kichwa hadi miguu, alitwaa dhahabu ya mita 200 katika Michezo ya Asia kule Doha mwaka 2006. Jibu ni hilo.

Wala si Waislamu peke yao. Mwaka 2021 timu ya Norway ya mpira wa mikono wa ufukweni ilitozwa faini ya yuro 1,500 kwa kuvaa kaptura badala ya bikini. Mwaka 2024 Ufaransa iliwakataza wanariadha wake kuvaa hijabu kwenye Olimpiki iliyofanyika kwao Paris. Huku mwanamke anaambiwa ajifunike, kule anaambiwa ajifunue, na mara nyingi anayeamua si yeye.

Tufanye nini?

Hapa Kenya suala la hijabu na suruali nyeupe katika shule moja ya Isiolo lilifika Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2016 iliwapa haki wanafunzi Waislamu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa sababu za utaratibu wa kesi. Kwa hivyo tusingoje mahakama. Mzazi aende mapema kwa mwalimu mkuu, waongee kwa heshima kuhusu trakisuti na hijabu fupi isiyopeperuka. Kwa baridi yetu ya Mau Narok, ambako kila mtu anatembea na sweta na kofia, nani atashangaa msichana akikimbia amejifunika?

Na akina mama wasisahauliwe. Mwezi huu, kabla ya futari, kutembea kwa kasi kidogo baina ya mashamba ya viazi na ngano kunatosha. Wakiwa kikundi ni salama zaidi. Akina baba na kaka, kazi yetu ni kubaki nyumbani na watoto na kuangalia uji usichemke ukamwagika.

Afya ni amana, na stara ni amana. Bi Aisha (R.A.) alizibeba zote mbili. Allah awape dada zetu nguvu za kuzibeba, na atutakabalie swaumu zetu. Amin.

Wallahu a'alam.